Paa la Pili

Nyumba yangu ndiyo ya kwanza kuezekwa kwa vigae upande wetu wa Birongo. Sisemi hivyo ili kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na asiyeamini apite barabarani atazame juu. Niliondoka nyumbani na viatu vya kuazima, nikarudi na diploma. Kati ya viatu na diploma niliuza ndizi, nikachuma chai ya watu Nyamira kama kibarua, nikapigilia mabati ya watu, kisha nikapanda ndege kwenda Uarabuni kulinda mlango wa hoteli. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi pale Suneka, na nyuma yake karakana ya kuchomelea milango na mageti. Hakuna aliyenishika mkono. Mwenye ushahidi tofauti aulete.

Kazi ya kulinda mlango watu huidharau kwa sababu hawajawahi kuifanya. Hoteli ile ilikuwa na ukumbi wa muziki, na mtu aliye chini ya umri uliowekwa hakuruhusiwa kuingia hata angekuja na babu yake. Mwenzangu mmoja wa zamu alimpitisha kijana mwenye ndevu kama za padri. Ikagunduliwa baadaye kwamba kijana bado ni mwanafunzi. Mwenzangu akaanza kujitetea, "Mkubwa, nilidhani..." Mkubwa wetu hakumwacha amalize. "Hapa mlangoni, nilidhani haipiti." Kabla ya chakula cha jioni mwenzangu alikuwa anakunja nguo zake.

Maneno yale niliyabeba. Niliyabeba darasani nilikosoma diploma yangu ya usimamizi wa usalama, siku zangu za mapumziko, wenzangu wakiwa wamelala. Nikayabeba mpaka nyumbani, bila kujua kwamba siku moja yangemwokoa mtu wa damu yangu.

Marehemu kaka yangu aliacha mtoto mmoja wa kiume. Ana miaka ishirini na mitatu, ndiye fundi wangu wa karakana, na akichomelea geti mwizi anaweza kulitazama akaamua kuokoka. Jumapili moja alikuja nyumbani kwangu akiwa amenyoa, amepaka mafuta mpaka masikio yanang'aa.

"Baba mdogo, nimepata."

"Umepata nini? Malaria?"

"Nimepata mtu."

Nikamwambia akae. Mke wangu akaacha kupepeta wimbi ili asikie vizuri. Kijana akaeleza kwamba walikutana makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa letu ambapo watu hulala kwenye mahema na kuimba wiki nzima. Msichana anatoka Nyamira, ni wa kwaya ya vijana, anaimba sauti ya pili. Tangu hapo wanatumiana nyimbo kwa simu.

"Mmefika wapi?" nikamuuliza.

"Tumefika ubeti wa tatu."

"Mimi nakuuliza kama mzazi."

"Baba mdogo, naapa. Hata kusalimiana tunasalimiana mbele ya mwalimu wa kwaya. Ndiyo sababu nimekuja kwako, mambo yaende kwa njia."

Hapo alinifurahisha. Nikamuuliza swali la mlangoni. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na nane."

"Alikwambia?"

"Alimwambia mwalimu wa kwaya. Mimi nikasikia."

Mke wangu akarudi kwenye wimbi lake. Mimi sikurudi popote. Nilikaa pale nikikumbuka kesi ya kijana wa jirani yetu, ambayo nilikwenda kuisikiliza mahakamani nilipokuwa nimerudi kutoka nje si siku nyingi. Kijana yule hakuwa mhuni. Alimwoa msichana, wazazi wa pande zote wakala, wakanywa, wakapiga picha. Kisha mambo yakafika kwa polisi, ikabainika kwamba bibi arusi ni mtoto wa shule. Kizimbani kijana akasema, "Aliniambia ana kumi na nane." Hakimu, mama mmoja mpole wa sauti, akamuuliza, "Na wewe ulifanya nini ili ujue kama ni kweli?" Kijana akafikiri, akajibu, "Nilimwangalia."

Watu walicheka. Kisha tukaona hakimu hacheki, anaandika, na kicheko kikafa kimoja kimoja kama taa za soko. Kijana yule bado yuko ndani. Mama yake ananunua misumari kwangu, na kila akija anazeeka zaidi.

Nilimweleza mtoto wa kaka yangu mambo hayo kwa lugha ya karakana. Aliye chini ya miaka kumi na nane ni mtoto, basi. Hata akikubali ni mtoto. Hata baba yake akikubali, mama yake akikubali, kwaya nzima ikiimba haleluya, ni mtoto. Sheria yetu ina kimlango kidogo kwa mtu aliyedanganywa, lakini kimlango hicho kina bawabu, na bawabu anauliza swali lile la hakimu: ulifanya nini ili ujue? Mzigo wa kujua ni wa mtu mzima. Mtoto hapewi mzigo huo, hata akiwa mrefu kama mlingoti wa bendera.

"Ni mrefu kweli," kijana akasema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Yeye. Amenipita."

Wazee wa ukoo walipokutana, hakukuwa na mjadala juu ya nani awe esigani. Esigani ni yule mtu anayetumwa kuunganisha pande mbili kabla ya ndoa. Kazi yake ni kuuliza. Zamani aliuliza kama kule kuna uchawi, kama kuna ugonjwa wa ukoo, kama msichana ni mvivu wa jembe, kama mama yake ana mdomo. Jambo moja hakuuliza, miaka, kwa sababu ukubwa wa mtu ulijulikana kwa rika lake na si kwa tarakimu. Mzee mmoja akasema, "Twende na huyu. Amesoma, amesafiri, na anapenda kuuliza maswali mpaka anachosha." Nikakubali kwa unyenyekevu. Nadhani mimi ndiye esigani wa kwanza mwenye diploma katika Kisii nzima, ingawa sijafanya utafiti.

Tulikwenda watatu: mimi, kijana, na rafiki yangu anayeuza vipuri vya magari jirani na duka langu. Yeye ni mtu wa upande wa ziwa, Kikisii chake kinaishia kwenye salamu, lakini ana pikapu na ana kicheko kinachofungua mlango wowote. Tulibeba sukari, mikate na kreti mbili za soda.

Tulipopanda ule mlima wa kuelekea kwao, nikaona kwa mbali kituo cha kupimia majani chai. Nikamwambia rafiki yangu asimamishe gari.

"Omera, ndugu yangu, tumeharibikiwa?"

"Hapana. Tazama lile paa. Nililipigilia mimi."

"Hebu tuendelee, bwana. Hatukuja kuoa paa."

Alikosea, kama mtakavyoona.

Boma lao lilikuwa safi, limefagiwa mpaka ardhi inaonyesha mistari ya ufagio. Baba wa msichana alitupokea kwa mikono miwili. Ni mtu wa tumbo kubwa, tumbo la heshima, linalotangulia kufika kabla yake. Bibi yake msichana, mama mzaa baba, alikuwa ameketi karibu na dirisha na shuka mabegani. Mama mwenyewe alikuwa jikoni na moshi wake, tulimwona mkono tu ukipitisha maji ya kunawa. Msichana aliingia akatusalimia, akatoka. Ni kweli alikuwa mrefu. Aliinama mlangoni.

Kwa ajili ya mgeni wetu wa ziwa tukazungumza Kiswahili. Baba mtu akaanza kwa kusifu. Msichana anajua kuchuma chai mikono miwili, anajua kitabu, amemaliza shule.

"Buya mono, vizuri sana," nikasema. "Na ana miaka mingapi?"

"Huyu? Kumi na nane. Kumi na tisa. Huko huko."

"Huko huko ni wapi, mzee wangu?"

"Si umemwona urefu?"

"Nimeuona. Hata mti wa mkaratusi ni mrefu na umepandwa juzi. Cheti chake cha kuzaliwa kipo?"

"Kiko shule."

"Si amemaliza shule?"

Baba mtu akanywa soda. Kijana wangu alikuwa anatazama sakafu kana kwamba anatafuta mahali pa kuchomelea. Nilijua anaomba kimoyomoyo nimalize maswali, tule, turudi na tarehe ya harusi. Nilijua pia kwamba nikinyamaza pale kwa adabu, ndiye atakayesimama kizimbani, na atasema maneno yale yale, niliambiwa, nilidhani, nilimwangalia. Na huyo mtoto aliyeinama mlangoni angekuwa ameinama hivyo maisha yake yote. Nikauliza tena, safari hii nikamgeukia bibi. Sisi tukimheshimu bibi tunamwita magokoro.

"Magokoro, wewe unakumbuka alizaliwa lini?"

Bibi akafurahi kuulizwa. Akanyoosha shuka lake, akatafuta Kiswahili chake mahali alipokuwa amekiweka.

"Mimi nakumbuka sana! Ilikuwa ule wakati upepo na mvua ya mawe ilichukua paa ya kituo ya chai. Hiyo siku baba yake alikuwa na mimba yake. Mimba kubwa! Alikimbia na hiyo mimba mpaka akaanguka kwa mtaro."

Rafiki yangu akashusha chupa yake ya soda. Akamtazama bibi. Kisha polepole, kwa heshima zote, akalitazama tumbo la baba mtu.

"Pole sana, mzee," akamwambia. "Na ulijifungua salama?"

Nyumba ilipasuka. Kijana wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Baba mtu alicheka, tumbo lake likacheka kwa muda wake lenyewe. Jikoni tukasikia sufuria ikianguka na mtu akicheka peke yake. Kwa wasiojua, kwa Kikisii baba ni mama. Baba wa Kiswahili sisi tunamwita tata. Wakisii tunaijua hatari hiyo tangu shule ya msingi, lakini bibi alikuwa amesema Kiswahili kwa kichwa cha Kikisii, kwa hiyo aliyekimbia na mimba mpaka mtaroni ni mama yake msichana.

"Ati nimejifungua!" baba mtu akawa anapangusa machozi. "Huyu mgeni ni mbaya!"

"Mimi nilidhani ndiyo maana tumbo halijarudi," rafiki yangu akasema, wakaanza upya.

Mimi nilicheka pia, lakini sikio langu lilikuwa limebaki nyuma, kwenye paa. Mlinzi mzuri ndivyo alivyo. Watu wakipiga kelele upande huu, yeye anatazama upande ule.

"Magokoro," nikasema kicheko kilipotulia, "ni paa lipi?"

"Paa ya kituo."

"Najua. Lakini lile paa liliruka mara mbili."

Nikawaeleza. Paa la kwanza liliondoka nikiwa bado nauza ndizi. Nililikuta limeshang'oka, mabati yamelala kwenye chai kama karatasi. Wakaliezeka upya, wakaezeka vibaya, kwa kubania misumari. Baada ya miaka mitatu likaruka tena. Hilo la pili nililiona kwa macho yangu likipita juu ya kichwa changu, kwa sababu nilikuwa kibarua wa kuchuma pale pale. Ni mimi na wenzangu wawili tuliopigilia mabati mapya, na kabla hayajafifia ung'aavu wake nilikuwa ndani ya ndege. Siku ile tukiwa pale ilikuwa imetimia miaka kumi na sita tangu nipande ndege ile. Hata pasipoti yangu inakubali.

"Kama ni paa la kwanza," nikasema, "huyu msichana ana kumi na tisa, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Kama ni la pili, ana kumi na sita."

"Ni ya kwanza," baba mtu akasema haraka.

"Wewe ulikuwepo?"

Bibi ndiye aliyemjibia. "Huyu alikuwa Nairobi kutafuta kazi. Alirudi akakuta mtoto anakaa."

"Basi tumuulize aliyekuwa na mimba," nikasema. "Na simaanishi wewe, mzee."

Mama aliitwa kutoka jikoni. Alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu ya moshi. Nikamsalimu, nikamuuliza ni paa lipi lililomtupa mtaroni. Alimtazama mume wake, kisha akamtazama bibi, kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Wewe ndiye yule kibarua aliyekuwa anaimba juu ya mabati?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Ulikuwa unaimba vibaya."

"Lakini nilipigilia vizuri."

"Siku hiyo mimi nilikuwa nakuja na kikapu changu baada ya ile mvua, bado nachechemea. Ulishuka ukanibebea mpaka kwa mizani, ukasema mama mjamzito asipange foleni." Akaegemeza mwiko kwenye kizingiti. "Ni paa la pili. Mtoto wangu ana kumi na sita. Nilisema hivyo jana, nikaambiwa mambo ya wageni ni ya wanaume."

Sikukikumbuka kikapu kile, lakini sikushangaa hata kidogo. Ni jambo ambalo mimi ningefanya.

Msichana akaitwa. Nikamwomba aketi, maana nilichoka kumtazama juu. Nikamuuliza kwa upole kuhusu shule.

"Nimemaliza," akasema.

"Umemaliza shule?"

"Nimemaliza kidato cha pili."

Rafiki yangu akakohoa ndani ya soda.

"Na ile kumi na nane uliyomwambia mwalimu wa kwaya?"

Akainama, akasugua kucha. "Kwaya ya vijana ilikuwa inakwenda makambi. Walisema ni kuanzia kumi na nane. Wale wadogo wanabaki na kwaya ya watoto, na kwaya ya watoto inaimba nyimbo za kondoo. Mimi nilitaka kuimba sauti ya pili."

"Tu?"

"Tu. Hii habari ya kuolewa nimeisikia leo asubuhi nikifagia."

Nilimtazama kijana wangu. Masikio yake yalikuwa yameacha kung'aa. Nilitegemea atakasirika, au atanung'unika kwamba angeweza kungoja, au atasema yale ya mapenzi hayana miaka. Badala yake alisimama, akavua kofia.

"Dada," akamwambia, na neno hilo peke yake lilinitosha, "pole. Mimi nilisikia namba moja nikaibeba yote. Rudi shule. Zile nyimbo nitazifuta kwa simu."

"Usifute ile ya sauti nne," msichana akasema. "Hiyo ni nzuri. Imba tu."

"Nitaimba na watu wa rika langu."

Baba mtu alikuwa amejikunja kwenye kiti kadiri tumbo lilivyomruhusu. Sikumfokea nyumbani kwake. Nilimwambia tu kwamba siku ile angeweza kupoteza watu wawili kwa mpigo, binti na mkwe, mmoja angekwenda jikoni na mwingine gerezani, na hakimu angemwita yeye pia aeleze huko huko ni wapi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kutokea, "Lakini chakula mtakula?"

"Chakula hakina umri," rafiki yangu akasema.

Tukala. Ugali wa wimbi, kuku, na chinsaga, mboga yetu ya majani, iliyolazwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukawa utamu. Mama mtu aliketi nasi mezani, jambo ambalo nadhani halikuwa kawaida ya nyumba ile, na akaniongezea nyama mara mbili. Sukari na mikate tuliacha. Soda tuliacha. Wazee wa kwetu waliponiuliza baadaye kwa nini esigani amerudi bila mke na bila kreti, niliwaambia nimerudi na kijana, na wakatafakari, wakaniambia nimefanya kazi. Nilikuwa najua hivyo tayari.

Shule zilipofunguliwa mama mtu alinipigia simu akasema binti amekwenda, na kwamba amewekwa kiongozi wa kwaya ya shule. Hataki nyimbo za kondoo hata kidogo, akasema.

Kijana wangu alijifungia karakanani muda mrefu, akichomelea mageti mazito kuliko yaliyoagizwa. Mwaka huu ameanza kupaka mafuta masikioni tena. Kuna dada mmoja wa kutoka Kenyenya mwenye saluni karibu na stendi ya Suneka. Mara ya kwanza alipokuja kumtembelea pale karakanani nilikuwepo, nikamsikia kijana wangu akimuuliza, hata kabla ya kumpa kiti:

"Samahani dada, wewe ulizaliwa paa gani?"

Dada yule akamtazama kama mgonjwa. Alipoelezwa, alifungua mkoba, akatoa kitambulisho, akakipiga juu ya meza ya vyuma mpaka koleo ikaruka.

"Ishirini na nne. Soma mwenyewe. Na chako kiko wapi? Na mimi naweza kuwa nimeletewa mtoto."

Kijana wangu akaanza kupapasa mifuko yote miwili. Kilikuwa nyumbani.

"Basi nenda ukalete," dada akamwambia, akavuta kiti changu mimi, akaketi. "Nitangoja."

Akaenda mbio. Mimi nikamwagizia dada chai. Nilipenda namna alivyolinda mlango.

Na lile paa la Nyamira, kama mtu anataka kujua, mpaka leo halijaruka.